Masale Yaliyotembea

Nsia Urio hakubisha hodi. Aliwapita watu wote waliokuwa kwenye benchi wakisubiri zamu, akaja moja kwa moja hadi mezani kwangu, akatupa juu ya kibodi kipande cha lipu kikubwa kama sahani. Kilikuwa na rangi ya maziwa, na katikati yake ulipita mstari wa buluu.

"Soma," akasema. "Si ndiyo kazi yako, kusoma ardhi? Basi soma na hiyo."

Niliijua buluu ile. Ndiyo rangi ambayo droni zetu hupuliza mahali utakapokaa ukingo wa barabara, siku chache kabla Mfinyanzi, mashine ya kujenga barabara, hajapita, ili wenye mali wahamishe vyao. Nimeiona kwenye majani, kwenye mawe, hata kwenye mgongo wa ng'ombe aliyegoma kuondoka. Kwenye lipu ya nyumba sikuwahi kuiona.

"Imetoka wapi?"

"Kwangu. Imeanzia ukuta wa jikoni, ikapanda bati, ikashukia upande wa sebule. Droni yenu imepita juu ya nyumba yangu kana kwamba imepita juu ya kichuguu."

"Haiwezekani," nikamwambia, tena kwa ukali, maana mtu akinimwagia vumbi kwenye kibodi siwezi kuwa mpole. "Barabara ya huko inafuata masale ya mpaka. Nyumba yako iko mbali na masale."

"Ilikuwa mbali." Aliinama mpaka nikaisikia pumzi yake. "Masale yenu yametembea, Aikaruwa. Kamuulize kaka yako yalitembeaje."

Watu wa kwenye benchi walinyoosha shingo kusikiliza. Mimi na Nsia tumekua pamoja, vihamba vyetu, mashamba ya ukoo, vimegusana tangu enzi za babu zetu, na nikiwa mtoto nilikula kwao mara nyingi kuliko kwetu. Siku ile aliniangalia kama mtu anavyomwangalia mbwa aliyekwisha kung'ata.

"Unajua alichonifanyia?" akaendelea. "Mwaka juzi Elinami alikuja kwangu na wazee wawili wa ukoo, ameshika jani la isale kwa mikono miwili. Eti mbuzi wake wameingia kwenye migomba yangu, anaomba radhi. Mimi nikacheka! Mbuzi tu, shemeji, isale la nini? Nikalipokea. Nikawapa na pombe ya mbege wakanywa. Sasa nimekwenda kwa wazee wale wale kulalamika juu ya mpaka, wananijibu nini? 'Ulishapokea isale, mama. Ulishasamehe.' Kumbe nilisamehe nyumba yangu bila kujua!"

Kwetu mlimani isale ni mmea wa kawaida tu ukiutazama, majani marefu membamba, hauliwi na ng'ombe wala hauna tunda. Lakini ndio unaopandwa mpakani, na mpaka wa isale hausogezwi na mtu. Na jani lake likiletwa na aliyekukosea, hulikatai. Ukilikataa, ubaya wote unakuhamia wewe. Kaka yangu alikuwa ameomba msamaha kabla ya kuiba.

"Siwezi kuyang'oa," Nsia akasema. "Wazee watanifukuza, na sheria yenu inasema mpaka unaguswa na mwana wa boma lililoupanda, basi. Mashine inapita keshokutwa asubuhi. Mimi sitoki ndani. Ichore hiyo kwenye ramani yako."

Akaondoka. Lipu yake aliniachia.

*

Kuchora barabara kwenye tambarare ni kazi ya mtoto. Mlimani ni ugomvi.

Mteremko ndani ya kompyuta ni wavu wa pembetatu, na kila kona ya pembetatu ni nukta iliyopimwa na droni kutoka angani. Barabara unaichora kwanza ikiwa bapa, kama unavyoiona ukiwa juu kabisa. Halafu unaulaza mchoro wako juu ya wavu, kama shuka lililolowa linavyolazwa juu ya mawe, nao unafuata kila bonde na kila kinundu. Mwisho unanyanyua kingo mbili, sentimita kumi na tano kila upande. Kingo hizo ndizo zinazoyaongoza maji ya mvua na malori yasiyo na dereva. Mwanafunzi mgeni huukata mteremko kwa mstari, akashika upande mmoja akauvuta juu, akasahau kwamba kona za pembetatu zimefungamana. Ukingo unapanda na mlima mzima unapanda nao. Zamani tulikuwa tunacheka sana jambo hilo likitokea.

Siku hizi hakuna anayecheka. Mlima ulipoporomoka mara ya mwisho, ramani ilisema pana daraja na ardhi ikasema hapana, na malori ya uokoaji yaliiamini ramani yakaingia korongoni na watu wote waliokuwa wameokolewa. Tangu hapo serikali iliamua kwamba ramani na ardhi zisipingane tena. Na kwa kuwa ramani ni rahisi kuitunza, inayosahihishwa ni ardhi. Ndipo akaletwa Mfinyanzi, mashine ya miguu sita inayopanda mteremko ikila udongo mbele na kuacha barabara nyuma. Haibishani na mtu wala haina bosi wa kupigiwa simu. Inatengeneza kilichochorwa, na kilichochorwa ndiyo sheria.

Kabla ya kusuka ule wavu, kompyuta huusafisha mlima. Migomba, mapaa, miti, makaburi, yote hufutwa ibaki ardhi tupu. Ramani ya kwanza ya kwetu niliyoiona ilikuwa imesafishwa hivyo, na barabara zilikatiza vihamba vya watu kana kwamba hapajawahi kuzaliwa mtu. Nilikasirika nikaiandika Kanuni ya Isale. Palipo na mstari wa masale, usifute. Barabara ipite juu ya mpaka, imege sawa huku na huku. Na mstari huo usisogezwe kwa mkono wa mtu yeyote aliyekaa ofisini, awe waziri, awe mimi. Kompyuta iusome kutoka shambani tu.

Niliweka kufuli dhidi ya watu wa ofisini kwa sababu nawajua. Dhidi ya watu wa vihambani sikuweka. Mchagga gani asogeze isale? Nina ndugu walioiba mpaka sadaka, lakini isale hawakuligusa.

Nilifungua vipimo vya droni vya miaka yote, nikavipanga kimoja juu ya kingine. Mstari wa mpaka wetu na wa akina Urio ulikuwa umepinda taratibu kama mtu anayejigeuza usingizini. Isale ukilikata ukalichomeka ardhini linachipua. Kila baada ya droni kupita, la zamani moja lilikauka na jipya likaota hatua moja ndani ya shamba la Nsia. Kusogea kwenyewe kulikuwa kudogo hivi kwamba kompyuta ilidhani ni kosa la kipimo ikasamehe. Kikulacho ki nguoni mwako. Krismasi moja, tukiwa nyumbani wote tunakula mtori, Elinami aliniuliza kompyuta inasamehe kosa la ukubwa gani. Nilifurahi kwamba hatimaye kaka ameipenda kazi yangu, nikamweleza mpaka supu ikapoa.

Nilitaka kumlaani. Kisha nikafanya jambo la akili, nikaurudisha mstari mahali pake pa kweli, kwa majaribio tu, nione barabara ingepita wapi. Nyumba ya Nsia ilipona, barabara ikamega migomba yake michache. Upande wetu ilimega vilevile, na ukingo wa kulia ukapita juu ya kaburi la baba, kuanzia kichwani hadi miguuni.

*

Kesho yake Bwana Kweka, mkuu wa ofisi yetu, alinisikiliza huku akimenya chungwa. Ni mtu anayefurahia shida za wenzake waziwazi, na hilo angalau si unafiki.

"Kwa hiyo mtoto wa Temba ameiba kwa kanuni ya mtoto wa Temba," akasema, akitutaja mimi na kaka yangu kwa jina la baba.

"Naomba ruhusa ya kusahihisha mstari mmoja, mzee. Ushahidi ninao."

"Kwa mkono? Kanuni hairuhusu mkono. Nani aliiandika?"

"Mimi."

"Lakini kuizima inaruhusu." Akageuza skrini yake kuelekea kwangu. Alikuwa amekwisha kuufungua ukurasa wenyewe, muuaji. "Weka kidole hapa. Kanuni ikizimwa, masale yanakuwa majani kama majani mengine, barabara inapita penye nafuu, na nyumba ya shoga yako inasalimika."

"Na mpaka wa nani mwingine utabaki mlima huu?"

"Wa nani? Wa ramani." Akatema mbegu kiganjani. "Unajua kanuni yako imenipotezea barabara ngapi zilizonyooka? Nimeambiwa nisiiguse kwa sababu wananchi wanaipenda. Lakini mwenyewe akiizima, nitasema nini? Nitasema mwandishi wake ameona haifai. Fanya huruma, Aikaruwa. Jirani yako analala ndani ya ukingo."

"Nipe muda niombe kibali cha kuhamisha kaburi."

"Kaburi gani? Ramani haina kaburi. Mvua zinakuja, mashine haisubiri mifupa."

Niliondoka bila kuaga. Nyuma yangu nilimsikia akicheka, na chungwa lake likinukia ofisi nzima.

*

Elinami alikuwa zizini akiwakatia ng'ombe majani. Aliniona, akaendelea kukata.

"Nsia amekuja kwako," akasema.

"Unamvunjia mtu nyumba."

"Barabara inavunja. Mimi nimepanda mimea shambani."

"Shambani kwa mtu!"

Akalitupa panga. Kaka yangu ni mtu mpole siku zote, watu humwita kuamua kesi za mbuzi na mahari, na sura aliyonigeuzia jioni ile sikuijua. "Niliomba kibali cha kumhamisha baba, ulijua hilo? Nilikwenda mwenyewe ofisini kwako, wewe ukiwa safarini. Huyo Kweka wenu akaniambia kaburi lisilo kwenye ramani si kaburi. Nikamwambia njoo nikuonyeshe, nalifagia kila Jumamosi. Akaniambia nifagie haraka haraka. Sasa mimi nifanyeje, Aikaruwa? Nikae hapa nione malori yanamkanyaga baba kifuani?"

"Ungeniambia."

"Ungefanya nini? Una kanuni isiyoguswa hata na wewe. Watu wanakusifia. Kanuni yako ilikuwa inampeleka baba chini ya ukingo, kihalali kabisa, sawa huku na huku." Akacheka kwa uchungu. "Nsia atajengewa nyumba nyingine. Wana utaratibu wa nyumba. Wa baba hawana."

Hayo yaliniingia, nakiri. Nilimkumbuka baba akinifundisha kupanda mgomba, akinisimamisha juu ya mteremko mvua ikianza ili nione maji yanachagua njia gani. Kuchora mteremko kokote nilikojifunza baadaye kulikuwa nyongeza tu. Nilitaka kusema sawa, tuache hivyo. Nilitaka sana.

"Ulimpelekea jani la isale," nikasema badala yake. "Hiyo ndiyo imenishinda, kaka. Ungeiba tu kama wezi wengine. Wewe ulimfunga mdomo kwa kitu ambacho kila mtu mlimani anakiamini. Kesho nani atapokea isale la mwenzake bila kujiuliza limeficha nini?"

"Toka kwangu."

"Kesho alfajiri nitayang'oa."

"Wewe ni mtoto wa kike," akasema polepole, ili kila neno linifikie. "Kihamba hiki si chako. Isale si lako. Ukiligusa, usije hapa hata kwa msiba."

*

Nilianza kung'oa jua likichungulia. Droni ya mwisho hupita asubuhi, dakika chache kabla ya Mfinyanzi, na inachokisoma ndicho kinachojengwa. Masale ya Elinami yalikuwa na mizizi mifupi bado, lakini yalikuwa mengi, na majani yake yalinikata viganja. Hatua kadhaa nyuma, upande wa kwetu, visiki vya masale ya babu vilikuwa vimekatwa na kufunikwa udongo. Nilipoufukua udongo nilikuta vimechipua kimya kimya, kila kimoja na vidole vyake vya kijani. Kwa droni hilo lingetosha.

Bondeni Mfinyanzi alikuwa amekwisha kuwashwa. Ardhi ilitetemeka kidogo kila mguu ulipotua.

Nsia alitoka akasimama mlangoni kwake, mikono imefumbatwa. Hakunisaidia, na asingeweza kunisaidia hata kama angetaka.

Nilikuwa nimebakiza kipande kidogo Elinami alipofika. Nilijiandaa kupigwa. Hakunipiga. Aliinama kwenye lundo la masale niliyoyang'oa, akachagua jani moja zima, akalifuta udongo kwa shati lake. Kisha kaka yangu mkubwa, mwenye mvi, akapiga magoti kwenye matope akaninyooshea jani lile kwa mikono miwili.

"Nimekukosea," akasema. "Nimemkosea Nsia, nimewakosea mababu. Naomba radhi. Acha, mdogo wangu. Acha baba alale."

Alikuwa analia, na hakuwa anaigiza. Nilimtazama Nsia. Naye alilitazama jani, na nadhani alijua kama nilivyojua mimi kwamba mtu hakatai jani lile.

Nililipokea. Nililikumbatia kifuani na viganja vyangu vikitoka damu.

"Nimekusamehe," nikamwambia. "Kweli kabisa, kaka. Sasa ondoa mguu, umekanyaga shina la mwisho."

Hakuondoa. Nilimsukuma, naye akaanguka ubavu kwa urahisi, kama mtu aliyekwisha kuchoka kabla. Nikaling'oa.

Droni ikapita. Haikukawia hata kidogo. Simu yangu ikalia mfukoni: mpaka umesomwa upya, mchoraji athibitishe. Kwenye skrini kulikuwa na mteremko wetu wenye pembetatu zake, na barabara imelala katikati ya shamba letu na la Nsia. Nilikuza picha. Kompyuta ilikuwa imeunyanyua ukingo wa kulia vizuri, bila kosa, sentimita kumi na tano kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa macho ya kompyuta hapakuwa na kitu chini yake. Nisingethibitisha, mashine ingerudia mchoro wa jana.

Elinami alinyanyuka akasimama mbele yangu. "Nionyeshe," akasema. Nikamwonyesha. Akaweka kidole chake palepale kwenye skrini, juu ya ukingo. "Hapa kichwa," akasema. "Hapa miguu. Sasa bonyeza nikiona."

Nikabonyeza akiona.

Mfinyanzi alipanda bila haraka. Alikata masale niliyoyang'oa, akakata migomba ya Nsia na migomba yetu, akafika kwenye ua alioupanda mama kuzunguka kaburi, akapita. Nyuma yake barabara ilibaki ya kijivu, yenye mvuke, na kingo mbili zilizonyooka vizuri mno. Elinami aliivua kofia yake akaishika mpaka mashine ilipopotea juu ya kilima. Kisha akaenda zizini, kwa sababu ng'ombe walikuwa wanalia kwa njaa.

Nilivuka kwenda kwa Nsia. Sijui nilitaka nini. Labda chai.

"Ishia hapo," akasema kabla sijafika mlangoni. "Usidhani nina shukrani. Mmenirudishia changu, tena mmenipunguzia migomba. Na kaka yako ameondoka na msamaha wako, mimi ndiye nitakayeishi naye hapa."

"Ni kweli," nikasema.

"Nenda, Aikaruwa."

Akafunga mlango. Nilishuka kwa miguu mpaka ofisini, na njia nzima nilitembea katikati ya barabara, malori yakinipigia honi na kunikwepa, kwa sababu pembeni, juu ya ukingo, sikuweza kukanyaga.